Makasha ya Mbeya, Mabati ya Mlandege

Hakuna sigara hata moja iliyoibwa, na jambo hilo lilimuudhi Inspekta Matano kuliko mengine yote.

Alikuwa amechutama katika ghala la Selemani Makame, nyuma ya duka lake karibu na soko la Mbeya, akiinua makasha ya sigara na kuyatazama upande huu na huu. Kila kasha lilikuwa limefungwa kiwandani kwa utepe wa karatasi ya kijani wenye mhuri wa ushuru. Kila utepe ulikuwa umekatwa katikati, mkato mmoja ulionyooka, kazi ya wembe. Ndani, pakiti zilikuwa zimebanana kama zilivyotoka kiwandani.

"Yote," alisema Anania, karani wa ofisi ya ushuru, aliyekuwa amesimama mlangoni na vibano vya baiskeli bado vimeishika suruali yake. "Jumatano nilipita hapa, nikayaona mazima. Leo Ijumaa nimekuja kuyahesabu ili Selemani arudishiwe ushuru wake, nayakuta yamechanwa hivi."

"Nieleze tena hayo marejesho. Nieleze kama unamweleza mtu asiyejua."

"Kwani hujui kweli?"

"Basi kazi yako imekuwa nyepesi."

Anania alicheka bila kupenda. Wawili hao walikuwa wameomba kazi moja ya uinspekta, na kila walipokutana macho ya Anania yalianza kwenye nyota za begani mwa Matano ndipo yakafika usoni.

"Ushuru wa sigara unakatwa kulingana na bei ya kasha," alisema. "Mwezi wa nne kiwanda kilipandisha bei, ushuru ukapanda nayo. Wenye maduka wakapinga, wakasema bei hiyo haijaidhinishwa. Shauri likaenda Dar es Salaam, likakaa huko mpaka tukalisahau, likarudi na jibu kwamba bei halali ni ile ya zamani. Kwa hiyo kila aliyenunua kwa bei mpya alilipa ushuru wa ziada, na serikali itamrudishia. Lakini ni kwa makasha ambayo hayajafunguliwa tu. Utepe ukikatwa, sisi tunachukulia kwamba sigara zimeuzwa, na aliyebeba ile ziada ni mvutaji."

"Na mvutaji anarudishiwa nini?"

"Kikohozi."

"Selemani angepata kiasi gani?"

"Zaidi ya shilingi elfu tatu. Sasa hapati hata senti ya kununulia kiberiti."

Matano alisimama, akajikung'uta magoti. Kufuli la mlango lilikuwa zima, bila alama ya nyundo wala patasi. "Aliyeingia alikuwa na ufunguo," alisema. "Alikata, akaondoka. Hakuchukua hata pakiti moja ya kuvuta njiani. Huyu hakutaka sigara. Alitaka marejesho yasilipwe. Nani anajua maana ya utepe huu?"

"Mimi, Selemani mwenyewe, na Isakwisa mtunza ghala. Na yeyote ambaye Selemani amemwambia."

"Ni msiri?"

"Ana wake wawili, bwana. Siri lazima azigawe." Anania alipanda baiskeli yake, akalitazama gari la polisi lililosimama nje. "Wengine wanapewa gari," alisema, kisha akaondoka.

Funguo za ghala zilikuwa mbili. Mmoja alikaa nao Isakwisa, aliyekwisha kamatwa asubuhi ile. Wa pili ulikuwa Iringa, nyumbani kwa Mwanakhamisi, mke mkubwa, aliyeendesha duka la Selemani la mtaa wa Mlandege. Selemani mwenyewe alikuwa huko tangu Jumatatu.

Mke mdogo, Siwema, alikaa hapohapo Mbeya, katika nyumba iliyotazamana na ghala. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi iliyoezekwa kwa madebe yaliyopondwa, yakashonwa kwa misumari. Kutu ilikuwa imechuruzika ukutani. Alipokuwa akivuka ua, Matano aliona sehemu ya majani iliyokauka na kugeuka manjano, yenye pembe nne zilizonyooka, ndefu kupita mtu aliyelala.

"Hapa palilala nini?" aliuliza.

"Mizigo ya bwana," alijibu Siwema toka kizingitini. "Ilipita."

Alikuwa msichana wa Kilwa, mrefu, amejifunga leso mbili na juu yake sweta la sufu la kiume. Alimpokea Matano kama jamaa aliyepotea.

"Wewe ni mtu wa Tanga? Alhamdulillahi! Hatimaye mtu anayesema nikamwelewa. Huku wanatafuna maneno kama miwa. Karibu kahawa, kaka yangu."

"Ahsante, dada. Jana Alhamisi uliona nini?"

Siwema aliketi, akaweka mikono magotini. "Alasiri nilikuwa dirishani pa jiko hili, nachambua mchele. Mzee Isakwisa akaja na yule mke wa mwanawe, Lusia, anayefagia ghala. Akamkabidhi ufunguo mkononi. Wakaingia pamoja, wakakaa humo, wakatoka wanacheka."

"Wanacheka?"

"Wamejaa kicheko. Nikajiuliza, wafagiaji wana furaha gani?"

"Mtunza ghala ana sababu gani ya kumharibia tajiri wake?"

"Husuda. Anamwonea bwana wivu kwa mali yake. Huku kila mtu ana wivu, kaka. Nadhani ni hii baridi."

*

Isakwisa alikuwa mzee wa Tukuyu, mwenye mvi na mabega mapana ya mtu aliyebeba magunia tangu ujana. Katika kituo cha polisi alikaa kwenye benchi akiwa amenyooka, kofia mkononi.

"Mzee, ufunguo wa ghala ulitoka mkononi mwako Alhamisi?"

"Haukutoka, bwana. Amri ya tajiri ni kwamba usitoke."

"Lusia alikuwa ghalani?"

Mzee alitazama sakafu.

"Nimekuuliza habari za Lusia."

"Huyo siwezi kumsema hapa."

"Kwa nini?"

"Siwezi tu, bwana."

Matano aliamuru Lusia aletwe. Alikuwa nje, amekuja na chungu cha ndizi alizompikia mahabusu; mumewe, Yohane, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu Chunya. Koplo Saulo, Mgogo mcheshi aliyehamishiwa Mbeya hivi karibuni, alimwongoza mpaka kizingitini. Hapo Isakwisa akakohoa.

Lusia alisimama ghafla. Alivuta nguo ikamfunika kichwa na uso, akageukia ukuta, akachutama.

"Mama, simama. Ulipewa ufunguo na mzee huyu?"

Matano aliuliza tena, kwa ukali. Mwanamke alitambaa akitazama ukuta mpaka nje, akaweka chungu chini ya nguzo ya ua, akakimbia.

"Hatia hiyo, afande," alisema Saulo. "Hata kumtazama mwenzake ameshindwa."

Matano naye aliona hivyo. Isakwisa angefikishwa mbele ya hakimu Jumatatu, na Lusia angefuata. Kwa umri wake, mzee akifungwa kwa kosa la kuharibu mali yenye mhuri wa serikali, huenda asingerudi Tukuyu akitembea.

"Mzee," alisema Matano, "kama kuna la kusema, liseme sasa."

"Nimesema la ufunguo," alijibu Isakwisa. "Hilo lingine sisemi." Kisha akauliza kama anaweza kuletewa chungu chake kabla ndizi hazijapoa.

Lakini ufunguo wa pili ulikuwa bado haujaonekana, na Matano hakupenda kupeleka shauri kwa hakimu lina tundu. Jumamosi alfajiri alipanda lori la polisi lililokuwa linakwenda Iringa kuchukua mablanketi.

*

Nyumba ya Mwanakhamisi haikuhitaji kuulizwa. Mlandege yote ilikuwa ya nyasi na madebe, na katikati yake paa moja la mabati mapya liling'aa hata jua lilipokuwa linazama. Mafundi walikuwa bado wanainua ukuta wa chumba cha uani.

Mwanakhamisi alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita watu toka mtaa wa pili. Selemani aliketi nyuma yake kwenye kiti cha uvivu, mtu mdogo mwenye ndevu zilizochongwa vizuri na sura ya mgonjwa. Simu ya habari ya makasha ilikuwa imemfikia jana yake.

"Ufunguo wa ghala la Mbeya uko wapi, Bi Mkubwa?"

"Unafanya kazi," alisema Mwanakhamisi.

"Kazi gani?"

Alionyesha kwa kidevu. Fundi aliyekuwa juu ya jukwaa alikuwa ameteremsha uzi kando ya ukuta ili kuupima kama umesimama wima, na mwisho wa uzi huo, badala ya jiwe la timazi, ulining'inia ufunguo wa chuma.

"Timazi yake ilipotea mwezi uliopita, nikampa huo. Mzito, umekaa vizuri."

Matano aliushika. Meno ya ufunguo yalikuwa yamezibwa na chokaa iliyokauka ikawa ngumu kama mfupa. Alijaribu kuibandua kwa kucha, kucha ikavunjika.

"Huu haujafungua kitu siku nyingi," alisema.

"Ulidhani mimi ndiye niliyekwenda kukata makasha? Mimi! Kwa marejesho yanayonilipia haya?" Mwanakhamisi alinyoosha mkono juu.

Matano aliyatazama mabati. Kisha akamtazama Selemani, na Selemani akatazama miguu yake.

"Yamelipiwa kwa marejesho?"

"Yatalipiwa," alisema Selemani. "Yangelipiwa. Nimeyachukua kwa mkopo Mbeya, kwa dhamana ya ule ushuru. Sasa mwenye mabati atakuja kuchukua duka."

"Miaka kumi nimelala chini ya madebe," alisema Mwanakhamisi. "Mvua ikinyesha, mtu huwezi kumsikia hata mwizi. Huyu bwana akaenda Kilwa akaoa mtoto, akampeleka Mbeya, akamnunulia sweta, marashi, viatu vya kisigino atembelee kwenye tope. Ana uzuri gani? Shingo tu! Nikamwambia, safari hii sitaki marashi. Nataka bati."

"Mabati yalifika lini?"

"Lori liliyachukua Mbeya Jumatano," alisema Selemani. "Alhamisi asubuhi yalikuwa hapa."

"Kabla ya hapo yalilala wapi?"

"Uani kwangu."

"Uani kwa Bi Siwema," alisema Matano. Aliona tena ile sehemu ya majani ya manjano yenye pembe nne. Alipima kwa macho bati moja lililobaki chini, limeegemezwa ukutani. Urefu ulikuwa uleule. "Alijua ni ya nani?"

Selemani alijikuna ndevu. "Sikumwambia ni yake. Nasema kweli, sikumwambia."

"Ulimwambia ni ya nani, basi?"

"Sikumwambia kitu. Aliyaona, akafurahi. Juma lililopita lote akawa ananiletea chai kitandani. Ningemwambiaje?"

"Kitandani?" aliuliza Mwanakhamisi.

"Bi Mkubwa, tafadhali..."

"Hapa kwangu unainywea dukani, umesimama, na kikombe kina nyufa. Kitandani!"

"Na marejesho, Bi Siwema alijua yanalipwaje?" aliuliza Matano.

"Nilimweleza yote," Selemani alinong'ona. "Alikuwa anauliza kila siku kama makasha bado yana utepe."

*

Matano alirudi Mbeya Jumapili, na Selemani akapanda nyuma ya lori juu ya mablanketi. Mbele, Matano aliketi na dereva, Jailos, kijana wa Rungwe, akizipanga habari zake kimoyomoyo. Siwema alikuwa na sababu. Hakuwa na ufunguo. Na kama hakuwa na ufunguo, maneno yake juu ya Isakwisa na Lusia yalibaki yamesimama, na mbele ya hakimu yangesimama vilevile.

Walipokaribia Uyole, mwanamke mwenye mzigo wa kuni alikuwa akitembea kandokando ya barabara. Mbele yake akatokea mzee mwenye fimbo. Mwanamke aliuacha mzigo uanguke, akaingia kwenye majani, akachutama akiwa ameipa barabara mgongo, nguo imemfunika kichwa. Mzee alipita bila kugeuza shingo.

"Simamisha gari," alisema Matano.

Jailos alisimamisha.

"Yule mama anaogopa nini?"

"Haogopi kupigwa, afande. Yule atakuwa baba wa mumewe. Kwetu, Rungwe mpaka Tukuyu, mwanamke haonani na baba mkwe. Hawakai chumba kimoja, hawapeani kitu mkononi, hata jina lake halitamki."

"Hata wakifanya kazi mahali pamoja?"

"Hata nyumba ikiungua, atatoka kwa mlango mwingine."

Matano alikikumbuka kituo cha polisi. Alikuwa ameona ukuta, nguo usoni, chungu chini ya nguzo. Aliviona vyote, akaviita hatia.

"Na kucheka pamoja?"

Jailos alicheka yeye. "Nani amekuambia hayo? Mtu wa pwani?"

Lusia alikuwa shambani kwake, mteremko wa nyuma ya soko. Safari hii Matano alikwenda peke yake, akasimama mbali, akauliza kwa upole.

"Mama, siku za kufagia, ufunguo unaupataje? Usimtaje mtu. Niambie tu unaupata wapi."

Lusia aliegemea jembe. "Dirishani. Pale jikoni kwa Bi Siwema, kwa nje. Yule mzee wa kule anauweka, anakwenda mbele dukani. Akishakwenda, mimi ninauchukua. Nikimaliza ninaurudisha pale."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi. Tajiri asijue. Alisema ufunguo usikae peke yake. Lakini tungefanyaje?"

"Alhamisi hii?"

"Haukuwepo. Bi Siwema akatoa kichwa akasema, leo hakufagiliwi, nenda zako. Nikaenda." Alisita. "Jioni nilipita, nikauona umerudi pale."

"Kwa nini hukusema kituoni?"

"Na yeye akiwa pale, bwana?" Lusia alimtazama kama mtu anayetazama mtu mzima aliyevaa shati kinyume.

*

Jumatatu, kabla mahakama haijafunguliwa, Matano alimpeleka Isakwisa uani kwa Siwema. Selemani alikuwa amefika jana yake na alikuwa amelala dukani. Siwema alikuwa jikoni, amejipaka wanja, na alipoona watu alitoka akatabasamu.

"Kaka yangu! Umemleta aungame?"

"Nimemleta unionyeshe. Alimpaje ule ufunguo?"

"Hivi." Siwema alichukua mwiko, akamwekea Matano kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake. "Mkono kwa mkono."

"Wakatoka pamoja, wanacheka."

"Bega kwa bega."

Matano aligeukia lango. "Lusia! Njoo."

Lusia aliingia na ungo wa majani ya maboga. Alipomwona mzee amesimama katikati ya ua, ungo ulimtoka, majani yakamwagika. Alikuwa amekwishapotea nyuma ya ukuta kabla jani la mwisho halijatua. Isakwisa naye alikuwa amegeuka, uso kwenye mlango wa ghala, kofia imeshushwa mpaka nyusi.

Kuku walikuja kudonoa majani.

"Hao ndio waliotoka bega kwa bega?" aliuliza Matano.

Tabasamu la Siwema lilikaa mahali pake kidogo, kisha likaondoka.

"Hawagusani," alisema Matano. "Kwao ni mwiko. Ndiyo sababu ufunguo ulikuwa unalala hapa dirishani pako kila Alhamisi. Umeishi nao ua mmoja miezi yote hii, umeuona ufunguo umewekwa na umechukuliwa, hukuuliza kwa nini."

"Nilidhani ni uvivu," alisema Siwema.

"Alhamisi uliuchukua wewe. Ukamfukuza Lusia. Ukaingia na wembe."

Hakulia. Alivua sweta, akalikunja, akaliweka juu ya kinu kama anayerudisha kitu cha kuazima.

"Siwema," alisema Selemani, ametokea mlango wa duka, shati nje. "Umenifilisi."

"Yamempendeza?"

"Nini?"

"Mabati. Yanang'aa? Mvua ikinyesha atakusikia ukimwambia uongo?" Alimtazama mumewe kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Nilikuwa natoka usiku kuyagusa, Selemani. Yalikuwa baridi kama maji ya kisima. Nilikwisha kuchagua chumba cha kuanzia. Jumatano limekuja lori, nikamwandalia dereva uji, nikijua amekuja na misumari. Nikamuuliza, fundi yuko wapi? Akanijibu, fundi yuko Mlandege."

Selemani alianza kulichomeka shati lake.

"Hayo utamweleza hakimu," alisema Matano. "Lakini mzee huyu amelala rumande kwa neno lako, na lilikuwa neno la uongo. Hakukuchukulia bati wala bwana. Mwombe radhi hapa, mbele yetu, na mimi nitaeleza mahakamani kwamba umeomba. Itakusaidia."

Isakwisa aligeuka polepole, maana Lusia alikuwa ameshaondoka. Alikuwa ameivua kofia. Alisubiri bila hasira, kama mtu anayengoja kasha la mwisho literemshwe.

Siwema alimtazama muda mrefu. Midomo yake ilitikisika mara moja, na Matano alidhani maneno yanakuja. Ndipo macho yake yakapanda juu ya kichwa cha mzee, yakafika kwenye paa lake mwenyewe la madebe, na kutu iliyochuruzika ukutani.

"Wewe mzee sina ugomvi na wewe," alisema. "Ulikuwa karibu tu. Lakini nikianza na wewe watataka niendelee na huyu, kisha nipelekwe Iringa nimpigie magoti yule, chini ya mabati yangu. Siombi radhi. Si kwako, si kwa Selemani, si kwa mke wake. Nipeleke kwa hakimu, kaka yangu. Na huko akiniuliza, nitamjibu hivihivi: siombi."